Tupeane uzoefu: krimu ya siagi na mapambo ya keki kwenye joto letu

Mwanzisha mada, Kinondoni
Habari zenu wapendwa. Wengi tunaooka nyumbani keki inatoka vizuri kabisa, halafu kazi inakwama kwenye krimu. Maelekezo mengi yanasema acha siagi ilainike kwa joto la chumba, lakini aliyeandika alikuwa kwenye chumba cha nyuzi 20. Jikoni kwangu Februari ni zaidi ya 30, na siagi ikikaribia nyuzi 32 inaanza kuwa mafuta.

Kipimo changu ni siagi isiyo na chumvi gramu 250 kwa sukari ya unga gramu 500. Siagi naitoa friji muda mfupi tu, ikibonyea kwa kidole naanza. Naichapa peke yake mpaka iwe nyeupe, hapo usiwe na haraka, ndipo naingiza sukari niliyoichekecha, kwa mafungu matatu. Maziwa ni kijiko kimoja kimoja, na kipindi cha joto kali siweki kabisa. Mwisho nakoroga taratibu kwa mwiko kutoa mapovu, la sivyo ukilainisha ubavu wa keki unabaki na vitundu.

Karibuni mseme yenu. Tafadhali taja uko wapi, maana hali ya hewa ndiyo inayoamua.

Kisauni, Mombasa
Dada, huku pwani siagi tupu kwa sherehe ya nje mimi siithubutu. Nachanganya nusu siagi, nusu mafuta mgando meupe. Yale mafuta hayana maji, na yanastahimili joto ambalo siagi ishaachia. Ladha inapungua, hilo nalisema wazi kwa mteja kabla hajalipa. Naongeza vanila na chumvi kidogo sana. Keki ya kuliwa sebuleni, siagi tupu, sina mjadala.

Iringa mjini
Sisi shida yetu ni kinyume. Juni na Julai siagi inakuwa ngumu, ukichapa inakatika vidonge vidonge kama maziwa yaliyoganda. Usimwage. Chota vijiko viwili vya hiyo krimu, viyeyushe kidogo, virudishe kwenye bakuli huku mashine inazunguka. Inaungana yenyewe.

Tabata
Samahanini, majarini ya mkate je? Siagi bei imepanda.

Mwanzisha mada
Shoga, soma kopo kwanza. Nyingi zina chumvi, na zile laini za kupaka zina mafuta pungufu na maji zaidi, hivyo krimu inalegea hata uongeze sukari. Kama ni majarini, tafuta ile ngumu ya kuokea. Kwa keki ya watoto wa nyumbani inafaa. Kwa maua ya kusimama, hapana.

Morogoro
Mimi nafundisha kina dada kupamba, nitasema ya mkono. Mfuko wa kukamulia krimu usijae kuzidi nusu. Mkono wa kulia unakamua kutoka juu, wa kushoto unaongoza kwa vidole viwili tu. Ukiukumbatia mfuko, joto la kiganja linayeyusha krimu. Ukiona inatoka inang'aa kwenye nozo, kile kidomo cha mfuko, acha, weka mfuko friji dakika 5.

Waridi la nozo kubwa ya nyota linaanzia katikati: kamua, zungusha ukiuzunguka moyo wake, legeza mkono kabla hujanyanyua ili mkia usibaki. Tazama kingo za petali. Zikichanika, krimu ni ngumu, nusu kijiko cha maziwa kinatosha. Zikilala, imelegea, irudishe friji uchape tena. Fanyieni mazoezi kwenye sinia safi, mkikwangua mnairudisha mfukoni.

Muscat, Oman
Salaam kutoka huku. Nimehamia krimu ya ute wa yai kwa sababu watu wangu hawataki utamu mkali. Ute wa mayai 4 na sukari ya kawaida gramu 200 juu ya mvuke, nakoroga mpaka nyuzi 71 kwa kipimajoto, kisha nachapa mpaka bakuli lipoe kabisa. Ndipo siagi gramu 300, kipande kwa kipande. Katikati itaonekana imekatika, wengi wanamwaga hapo. Endelea kuchapa, inarudi. Ikiwa majimaji, bakuli liingie friji robo saa, kisha uchape tena.

Kigamboni
Nyekundu inanishinda, inaishia pinki. Na buluu yangu inakuwa ya kijani.

Morogoro
Tumia rangi nzito ya jeli, ile ya maji inalegeza krimu. Nyekundu changanya jana yake, inakolea ikilala. Ukiisukuma kwa rangi nyingi papo hapo inakuwa chungu. Buluu inageuka kwa sababu siagi yenyewe ni ya njano: ichape mpaka iwe nyeupe, weka tone dogo la zambarau, kisha buluu.

Kisauni, Mombasa
Na kusafirisha jamani? Hapo ndipo roho hunidunda.

Muscat, Oman
Dada yangu, huku kiangazi kinapita nyuzi 40, nje ni hatua chache tu na keki imelegea. Ilale friji usiku kucha mpaka krimu iwe ngumu mpaka ndani. Gari lipoozwe kabla hujaitia, keki ikae sakafuni, si kitini, kwani kiti kimeinama. Ukifika iache ndani penye kiyoyozi, na kama imerudi friji itoe kama saa moja kabla ya kukatwa, maana siagi baridi haina ladha mdomoni.