Naomba ushauri: maji yanaingia tezini, upande wa nyuma wa chombo, na chombo ndiyo nyumba yetu

Ndugu mabaharia, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi ndani ya chombo cha tanga cha mbao, chenye urefu wa mita 11, kilichotia nanga katika hori la Kilifi. Tangu upepo wa kusi uanze kuvuma, maji yanaingia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, pale inapopita shafti ya rafadha (panga la kusukuma chombo). Najua kwamba matone machache injini inapofanya kazi ndiyo yanayoipoza shafti, lakini sasa yanadondoka hata injini ikiwa imezimwa, na usiku naamka kuyachota kwa mkono ili pampu isimalize betri.

Juzi nilikaza nati mbili za kofia inayobana nyuzi za pamba zenye girisi, zilizozungushwa kwenye shafti kuzuia maji, robo mzunguko kila moja, na baada ya mwendo wa nusu saa kofia ilikuwa ya moto hata sikuweza kuishika, nikazilegeza upesi. Uzi unaochungulia umekuwa mweusi na mgumu kama kamba kavu.

Je, inawezekana kubadilisha nyuzi hizo chombo kikiwa majini, shafti ikizibwa kwa nje kwa matambara na shahamu, au nisubiri bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) nikipweleze mchangani, nifanye kazi maji yakiwa yamekupwa? Huko ningepata pia nafasi ya kukwangua chaza na kupaka deheni (shahamu na chokaa ya kulinda mbao), ila sijawahi kukitia magadi, yaani miti ya kukiegemeza kisilale, bila fundi.

Aliyewahi kuifanya kazi hii anieleze pia namna ya kutoa uzi wa ndani kabisa bila kuikwaruza shafti.