Kidato cha Tano wanazidisha mtambuko penye alama ya "kubwa kuliko"

Mwl_Tukuyu: Wakuu, darasa la PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) likipewa (x+3)/(x−1) > 2 linazidisha mtambuko, linapata x < 5 na kufunga daftari. Nawatoaje huko?

Njombe_Hisabati: Mwalimu, waambie waweke x = 0. Inatoka −3, haizidi 2, ilhali 0 ni ndogo kuliko 5. Waache wabishane kwanza, hapo ndipo somo linapoingia. Kosa ni kwamba x−1 inaweza kuwa hasi, na ukizidisha kwa hasi alama inageuka. Kisha 2 ihamie kushoto, iwe (5−x)/(x−1) > 0. Kwenye mstari wa namba weka 1 na 5, pima 0, 2 na 6. Ni 2 tu inayotoa chanya: 1 < x < 5.

Iringa_Mjini: Wanaong'ang'ania kuzidisha watumie (x−1)², haiwi hasi kamwe. Ila wasifungue mabano! Watoe (x−1) nje, wapate (x−1)(5−x) > 0. Wakifungua wanakutana na −x², makosa ya ishara yanaanza upya.

Mwl_Tukuyu: Shukrani wakuu. Na ikiwa ≥?

Njombe_Hisabati: 5 inaingia. 1 haiingii, asili (namba ya chini ya sehemu) ingekuwa sifuri. Duara lake kwenye mstari wa namba libaki wazi.