Player II ya milioni mbili: kwaya inunue gitaa jipya, au la zamani liende kwa fundi?

Solo wa Uyole
Shikamooni wakubwa, na habari za jioni wapiga gitaa wote wa Nyanda za Juu Kusini. Naleta jambo ambalo kwenye kikao cha kamati ya vyombo lilitufanya tuahirishe mara mbili.

Kwaya yetu tumechangishana tangu mavuno ya viazi, na sasa zimefika milioni mbili na ushee. Gitaa letu ni la umeme, la umbo la Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender; tulilinunua la mkono wa pili miaka tisa iliyopita. Jina la kiwanda nalihifadhi. Vijana wanataka tuagize Fender Player II, wazee wanauliza lililopo lina kosa gani.

Kwa ambaye hajafuatilia: mwaka 2018 Fender walitoa Player, magitaa ya bei ya kati yanayotengenezwa Ensenada, Mexico. Mwaka 2024 wakaleta Player II. Ubao wa vidole wa rangi nyeusi umerudi kuwa wa mbao ya rozwudi badala ya mbao ya pau ferro, kingo za ubao zimelainishwa, funguo za nyuzi ni za aina nyingine, na rangi zimeongezeka. Stratocaster ya kawaida ilitangazwa Marekani kwa karibu dola 800. Hapo hamjaweka nauli wala VAT ya asilimia 18.

Mimi ndiye mpigaji, kwa hiyo nikisema "tununue" naonekana najitakia. Nisaidieni: mabadiliko haya yanasikika, au yanaonekana tu?

Fundi wa Mafiati
Bwana mdogo, marahaba. Nianze na kitu ambacho hukukitaja: pikapu, vile vidaka sauti vilivyo chini ya nyuzi. Player II ya kawaida imebaki na pikapu zilezile za sumaku ya alnico 5 zilizokuwa kwenye Player. Na gitaa la umeme linasemea hapo. Kwa hiyo ukiuliza kama litasikika tofauti na Player ya jana, jibu langu ni kidogo sana.

Sasa kingo. Kiwandani wanaondoa ule ukali wa pembeni mwa ubao ili mkono uhisi kama gitaa limeshapigwa miaka ishirini. Ni kazi nzuri, siibezi. Lakini mimi naifanya hapa kibandani. Nalegeza nyuzi, nabandika utepe juu ya kila freti, yaani vile vyuma vilivyolala kwenye ubao, nachukua wembe nakwangua kingo polepole kuelekea upande mmoja, halafu msasa namba 400, halafu namalizia kwa kusugua na chuma cha bisibisi mpaka mbao ing'ae. Kazi ya muda wa saa tatu, elfu thelathini, na chai unaninunulia. Mtu akinionyesha milioni mbili kwa ajili ya kingo, namwuliza kama ana mwanafunzi wa sekondari nyumbani.

Mpiga Tunduma
Fundi nakuheshimu, ila umelipiga? Mimi nimelishika. Jamaa yangu wa upande wa Zambia analo, nikalipiga ibada nzima, sebene ya dakika arobaini bila kushuka. Kiganja hakikuniuma. Gitaa langu la zamani baada ya nyimbo tatu kidole gumba kinakaza. Na tyuni ilikaa. Nilirekebisha uzi wa tatu mara moja tu.

Mnasema "ni kingo tu" kwa sababu mnafikiria wimbo wa dakika nne wa studio. Kazi yetu huku ni mkesha. Anayepiga solo tangu saa nne usiku mpaka alfajiri anajua kingo ni nini.

Fundi wa Mafiati
Sijakataa kwamba ni raha. Nimesema raha hiyo inapatikana kwa wembe.

Mbao za Mafinga
Kamweneni. Mimi siyo mpigaji wa kutisha, napiga ridhimu kanisani, lakini mbao ndiyo kazi yangu, na nimeona watu wengi wakifurahia "rozwudi imerudi" bila kujua iliondoka kwa nini.

Haikuondoka kwa sababu ya sauti. Mwanzoni mwa 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka karibu jamii yote ya Dalbergia, ndiyo jamii ya rozwudi, chini ya vibali. Kila gitaa lenye kipande cha rozwudi likivuka mpaka kibiashara likahitaji makaratasi. Fender wakahamia pau ferro, ambayo ni mti wa Amerika Kusini wa jamii nyingine. Mwaka 2019 nchi wanachama wakakubaliana kuondoa masharti hayo kwa ala za muziki zilizokamilika, isipokuwa rozwudi ya Brazili ambayo ilibaki kwenye ulinzi mkali zaidi. Kwa hiyo kilichoondoa mbao ni karatasi, na karatasi zilipopungua mbao ikapata njia ya kurudi.

Na kuna hili ambalo huwa linanifanya nicheke peke yangu: mpingo wetu ni Dalbergia. *Dalbergia melanoxylon*. Ndugu wa damu wa hiyo rozwudi mnayoililia. Unatoka huku kusini, Kilwa na kwingineko, unakwenda Ulaya kuwa ala za kupuliza, klarineti na obo. Sisi tunabishana kuhusu binamu yake aliyepitia Mexico.

Kuhusu sauti, tofauti ya pau ferro na rozwudi kwenye gitaa la umeme sijawahi kuisikia, na nimekaa na mbao maisha yangu yote. Rangi naiona. Pau ferro inaelekea kahawia ya chai ya maziwa, na nadhani nusu ya malalamiko yalikuwa ya macho.

Solo wa Uyole
Ndaga fijo kaka, hilo la mpingo nalipeleka kikaoni.

Niongeze shida yenyewe ilivyo. Kuanzia Juni, baridi na ukavu ukiingia, freti za gitaa letu zinachomoza pembeni. Ukishusha mkono toka freti ya kumi na mbili kwenda ya tatu ni kama unapitisha kwenye meno ya msumeno. Mwaka jana niliacha alama ya damu kwenye shingo, Pasaka ilikuwa imeshapita, hata sikuweza kusingizia mahubiri. Player II itanikinga na hilo?

Mbao za Mafinga
Hapana gitaa linalokukinga na hilo moja kwa moja. Hewa ikikauka mbao inanywea, chuma hakinywei, basi chuma kinabaki nje. Kingo zilizolainishwa zinapunguza ukali, lakini mbao ya Ensenada ikifika Uyole mwezi wa saba itanywea kama ya mwenzake. Weka kisponji chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa, kikae kwenye sanduku la gitaa. Usiliegemeze ukutani kanisani wiki nzima.

Besi Iringa
Wanangu, nimewasoma. Niseme kama mzee aliyewahi kubeba vyombo.

Zamani hapa Iringa tulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kampuni ya kuchonga almasi. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa hivyo: vyombo ni vya shirika, mpigaji anakabidhiwa. Hakuna aliyeuliza ubao ni wa mti gani. Uliuliza kama nyuzi zipo. Na lile gitaa lililia, likamfanya mtu aache bia yake mezani.

Lakini sitaki kuwa mzee wa "enzi zetu". Tuliteseka bure na mambo mengi. Funguo zikiteleza ulikuwa unapiga huku unatyuni, na mpiga solo mwenye hasira ni hasara kwa bendi nzima. Kwa hiyo kwenye orodha yote ya Player II mimi naheshimu funguo. Ila funguo zinauzwa peke yake, zinafungwa kwa bisibisi.

Mweka Hazina, Tukuyu
Naomba niingie, mimi ndiye ninayeshika daftari la kwaya yetu huku, na mabishano haya tuliyamaliza mwaka juzi kwa machozi. Kaka wa Uyole, gitaa hilo mnalichomeka wapi?

Solo wa Uyole
Kwenye mixa, dada. Inatoka kwenye spika za kanisa.

Mweka Hazina, Tukuyu
Basi ndiyo hapo. Sisi tulinunua gitaa zuri, tukalichomeka kwenye spika za mahubiri, likalia kama bati la mvua. Waumini wakaniuliza mimi hela zimekwenda wapi, siyo mpigaji. Tukachanga tena, tukanunua amplifaya ndogo ya gitaa. Siku hiyo hata lile gitaa bovu la awali lilisikika la maana.

Fundi wa Mafiati
Dada amenitoa neno mdomoni. Ongezeni na mnguruma. Pikapu ya koili moja ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mara. Inadaka mtikisiko wa uzi, inadaka na umeme wa taa zenu. Kanisa lisilo na ethi nzuri, ule waya wa umeme unaokwenda ardhini, hata Player II itanguruma. Stratocaster nyingi za siku hizi pikapu ya kati husukwa kinyume, ndiyo maana swichi ikikaa nafasi ya pili au ya nne mnguruma unakatika, na bahati nzuri ndiyo sauti kavu ya sebene.

Mpiga Tunduma
Kwa hiyo mnakubaliana kijana asinunue? Mkono wake ndio unaotoka damu, siyo wa mweka hazina.

Mweka Hazina, Tukuyu
Anunue, ila asianze na gitaa. Na asije akasema kamati ilimnyima.

Solo wa Uyole
Jumamosi nalileta Mafiati, fundi. Kingo, freti, na funguo ukizipata. Tukishajua imetugharimu ngapi ndipo nitarudi kikaoni kuomba amplifaya. Mpiga Tunduma, huyo jamaa yako anaweza kuliazima la kwake kwa siku moja? Nataka niyachomeke yote mawili kwenye spika moja, wazee wakae wamegeuza migongo.

Mpiga Tunduma
Nitamwuliza. Nauli juu yako.

Fundi wa Mafiati
Njoo na nyuzi, namba tisa. Za kwangu zimekwisha.