Nikipanda Newala nabadilika: ni mahali, au ni watu wanaonifahamu?

Binti wa Uwandani (Mtwara Mjini)

Assalaam aleikum ndugu zangu, na kwa wale wa salamu nyingine, habari za jioni. Nina jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa muda mrefu, na ningependa kwanza kuwasikia watu wa Mtwara na Lindi, kwa sababu naamini mtalielewa bila maelezo mengi.

Nimezaliwa na kukulia katika kijiji kimoja cha Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, nikaja Mtwara Mjini nikiwa na miaka kumi na tisa, na sasa naishi Chikongola na mume wangu na watoto wetu watatu. Hapa mjini mimi ni mtu wa haraka. Nafungua bomba na kuliacha likitiririka huku naosha vyombo, wala roho hainiumi. Nikipishana na mtu nisiyemjua, napita kimya. Lakini kila ninapopanda Newala, gari likishaipita Tandahimba na upepo wa baridi ukianza kuingia dirishani, hujiona nikibadilika. Sauti yangu hushuka, hatua zangu hupungua, namsalimu kila ninayekutana naye hadi watoto, na maji nayapima kwa kata. Maji niliyooshea mboga siyamwagi, nayatunza kwa ajili ya mche wa mpapai. Mnajua kwamba juu ya uwanda ule hakuna mto wala kijito, kwa kuwa mchanga wake huyanywa maji ya mvua yakapotelea chini kabisa, na kwamba mama zetu walikuwa wakiamka usiku wa manane kushuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Siku hizi kuna mabomba ya mradi na visima vya kuvunia maji ya mvua, na hakuna anayeniamrisha nitumie kidogo. Mkono wangu wenyewe ndio unaokataa.

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka kumi na mmoja alipewa kazi shuleni ya kuandika habari za kwao. Aliandika Chikongola: pilikapilika za sokoni, bahari ya Shangani, pantoni ya Msangamkuu. Newala hakuitaja hata kwa neno moja. Mume wangu alicheka, ila mimi sikuweza kucheka.

Naomba kuuliza. Je, mahali ndipo panapoifanya tabia ya mtu na kumpa jina la yeye ni nani, au ni wale watu waliopo pale tu, ambao nikiwahamishia Chikongola nitakuwa nimeihamisha Newala yenyewe?

Mwalimu wa Ligula

Wa aleikum salaam, dada. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na nadhani yanahitaji kutenganishwa, kwa maana la tabia lina majibu yaliyo wazi zaidi kuliko lile la utambulisho.

Kuhusu tabia, kuna mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Roger Barker ambaye mwaka 1947 alianzisha kituo cha uchunguzi katika mji mdogo wa Oskaloosa, jimbo la Kansas. Yeye na wenzake waliishi pale kwa miaka mingi, wakiwaangalia watoto wa mji ule katika maisha yao ya kila siku, dukani, kanisani, darasani na mtaani, na kuandika walichokiona. Waliona kwamba ukitaka kujua mtoto atafanya nini, kujua yuko wapi kunasaidia mara nyingi zaidi kuliko kujua hulka yake. Watoto wenye hulka mbalimbali walifanana wakiwa mahali pamoja, na mtoto yule yule alionekana kama mwingine alipotoka dukani akaingia kanisani. Wala Barker hakuwa na maana ya kuta na ardhi peke yake. Mahali, kwa maelezo yake, ni mpangilio mzima: nafasi, vitu vilivyomo, saa, na shughuli ambayo kila anayeingia anajua kwamba ndiyo inayofanyika hapo.

Sisi tunaliona hilo kila msimu katika minada ya korosho. Mtu ambaye jana jioni alikuwa akibishana na kila mmoja kijiweni kwenye kahawa, leo ameketi chini ya mwembe kwa utulivu, akisikiliza bei walizotoa wanunuzi, na anapoikataa bei huikataa pamoja na wenzake wa chama cha msingi cha ushirika, akiwa na subira ambayo mkewe nyumbani hajawahi kuiona. Mtu hajabadilika, ila ameingia mahali penye utaratibu wake. Mkono wako unaokataa kumwaga maji ni wa namna hiyo hiyo, isipokuwa kwamba uwanda umekufundisha tangu utotoni, kwa hiyo hauhitaji hata kukukumbusha.

Sasa kuhusu mwanao. Mwaka 1978 Harold Proshansky, naye wa Marekani, alieleza kwamba nafsi ya mtu ina sehemu iliyojengwa na mahali alipoishi, yaani kumbukumbu, mazoea, hisia na matarajio yanayoshikamana na mahali hapo. Kwa kipimo hicho mtoto ameandika ukweli mtupu. Chikongola ndiko alikojifunza kuogelea, kuanguka na kununuliwa maandazi. Usimlaumu kwa kutoitaja Newala, ambako hukaa wiki mbili kwa mwaka akiwa mgeni anayepewa kiti.

Naongeza jambo moja nje kidogo ya swali, kwa sababu linanipendeza sana. Lugha yetu haikupachukulia mahali kuwa kitu cha kuwekea watu tu. Mahali pana ngeli yake, na panaweza kutenda: tunasema nyumbani kumetulia, mjini kumechangamka, pale pananipendeza. Hata salamu yetu ya Mtwara kuchele, ambayo ni kumekucha kwa Kimakonde, inasema mahali ndipo palipokucha. Anayezungumza hivi tangu mtoto hashangai akiambiwa kwamba mahali panamfanya mtu.

Mkazi wa Mtanda (Lindi)

Nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu. Kinachonisumbua ni kwamba amezungumza kana kwamba kila mtu hujitengenezea mahali pake kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Mahali hutengenezwa pia na mambo makubwa yanayotokea pasipo sisi kuulizwa, na mara nyingine wengine hutupa jina la mahali kabla hatujajipa wenyewe.

Angalieni neno machinga. Wamachinga ni watu wa pwani yetu ya Lindi, na wengi wanaamini kwamba jina hilo lilienea kutokana na vijana wao na wa kusini kwa jumla waliokwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi. Leo Msukuma wa Mwanza anayetembeza soksi anaitwa machinga. Jina la watu na la mahali limegeuka kuwa jina la kazi, na wenye jina wakienda mjini wanakuta limewatangulia, likiwangoja na maana waliyopewa na wengine.

Na mji wangu nao. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ofisi zilipohamishiwa Mtwara, ambako bandari yenye kina kirefu ilikuwa ikijengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1947, ukafutwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa hadi Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakabaki matuta. Marehemu baba yangu aliyaona yote hayo, na alitulea katika tabia ambayo naiona hadi leo kwa wazee wenzangu wa Lindi: ya kutokimbilia jambo jipya, kulisikiliza, kulizunguka, na kusubiri kuona kama kesho litakuwapo. Wageni huita uvivu. Mimi naiita kumbukumbu ya mahali ambapo vitu vikubwa vimekuja na kuondoka, na nachukizwa sana na wanaotuhukumu bila kujua hayo.

Hata huku kujiita watu wa kusini kuna sababu yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, masika yalikuwa yakitutenga na sehemu nyingine za nchi kwa muda mrefu. Mmwera wa Nyangao, Mmakonde wa Newala na Mmatumbi wa Kilwa wana lugha zao na mila zao, lakini walikwama kwenye tope moja, wakala pamoja kando ya malori. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikakata barabara ya kwenda Dar es Salaam, niliwasikia vijana ambao hawakuwahi kulala njiani wakizungumza kama sisi tulivyokuwa tukizungumza. Nao watu wa Mtwara waliosimama kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, mwishoni mwa 2012 na mwaka 2013, wawe walikosea au walipatia, walisimama kama watu wa mahali pamoja, bila kujali chama wala kabila.

Kwa hiyo, binti yangu, hata ukiwahamishia Chikongola ndugu zako wote, hutaihamisha Newala. Ule upungufu wa maji utakuwa umeuacha kule, na ndio uliowafanya wawe hivyo walivyo.

Somo wa Nyangao

Mwanangu Binti wa Uwandani, nimesoma ya Mwalimu na ya kaka yangu wa Mtanda, na nimenufaika, lakini wote wawili wamelipita jambo ambalo ninyi wenyewe mnalijua. Kwetu sisi Wamwera, kama kwenu Wamakonde na kwa Wayao na Wamakua, asili ya mtoto hufuata ukoo wa mama. Mwanao azaliwe Chikongola, azaliwe Ulaya, yeye ni wa kwenu, na mjomba wake ana neno juu yake. Hilo halimo katika kumbukumbu zake, kwa sababu lilikuwapo kabla hajawa na kumbukumbu. Basi kuna mahali ambapo mtu anapajua, na kuna mahali panapomjua yeye.

Nieleze kwa mfano wa kwetu. Miaka ya 1970 tulihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa msichana mdogo. Tulibomoa nyumba, tukabeba milango, tukaenda kukaa kando ya barabara, majirani kwa mistari. Watu walikuwa wale wale. Mama yangu, mama zake wadogo, hata mbuzi, wote tulikuwa pamoja, na bado mama alibadilika. Alikuwa mwimbaji wa kutwanga, akaacha kuimba. Alikuwa akiamka alfajiri kutembea kwa saa nzima kurudi kwenye mahame, yaani kule tulikohama, akidai anakwenda kupalilia mikorosho, na kumbe siku nyingine hapalilii chochote, anafagia makaburi na kukaa chini ya mwembe wa bibi yake. Tulipomuuliza, alisema kule anakumbuka majina. Alikuwa na maana halisi: kila mti ulikuwa na aliyeupanda, kila kona ilikuwa na jambo lililotokea, na akikaa pale yote yalimjia bila kuyatafuta. Kule barabarani alikuwa mwanamke aliye katika mstari wa nyumba.

Mimi nawafunda mabinti. Hata unyago, ambao watu wanadhani ni maneno tu, ukifanyiwa ukumbini mjini hauwi ule ule. Mwali husikia maneno, ila hakuna mti wa kumwonyesha, na miaka miwili baadaye ameyasahau.

Mwalimu wa Ligula

Somo, shikamoo. Ulichokieleza kuhusu mama yako kimeandikwa na wataalamu kuhusu watu wa mbali kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaa wa West End mjini Boston ulibomolewa na wakazi wake wakatawanywa. Mtafiti Marc Fried aliwahoji baadaye, akaandika mwaka 1963 kwamba wengi wao walikuwa katika huzuni iliyofanana kabisa na ya mtu aliyefiwa, na ilidumu kwa muda mrefu. Nilidhani siku zote kwamba walilia kwa ajili ya majirani. Maelezo yako yananifanya nisome upya, kwa kuwa mama yako alihama na majirani zake wote na bado alikuwa na msiba. Nakiri kwamba nililijibu swali la dada haraka mno.

Binti wa Uwandani

Nawashukuru sana, nyote. Mzee wa Mtanda amenionyesha kwamba adabu yangu ya maji haikuwa wema wangu binafsi, na nimelikubali hilo ingawa lilinichoma kidogo. Mwalimu amenizuia nisimgombeze mtoto. Maneno ya Somo nimeyasoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, na mume wangu akiwa anasikiliza.

Nimegundua kwamba tunapokwenda Newala huwa namkalisha mwanangu sebuleni kwa mama mdogo, kwenye nyumba ya barabarani, na sijawahi kumfikisha kwenye mahame ya bibi. Mimi mwenyewe nimesahau mipaka. Nakumbuka mwembe mmoja mkubwa na njia iliyopita kwenye vichaka. Shule zikifungwa Desemba nataka kumpeleka. Somo, nianzie wapi?

Somo wa Nyangao

Anza kwa mjomba wako, mwanangu, usiende peke yako. Mpelekee habari mapema, kwa maana Desemba bado watu wanaokota korosho na huenda akawa na ratiba yake. Yeye ndiye atakayetaja mipaka na majina, na amtajie mtoto, si wewe. Mpe mtoto ufagio afagie mwenyewe makaburini, halafu aokote korosho za mkorosho wa bibi yake hadi achoke. Maji ya chupa msibebe kutoka mjini. Mtakunywa ya kule, na mtoto ndiye awe wa kuyateka na kuyagawa.