Baraza la wilaya HALIPINDUI mtu! Yule bwana katutukana sote hewani

Mwana_Nile (Jinja):
Mlimsikia wote yule mtangazaji wa redio, jina silitaji. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, sauti nzito kama ya nabii: "Madiwani wampindua mwenyekiti wa wilaya." Wampindua! Nusu ya Jinja ilichungulia dirishani kutafuta vifaru. Msikilizaji akapiga simu kwa heshima zote, akamwamkia, akamweleza: ssebo, hao wamepiga kura tu. Naye akajibu: "Kiswahili cha Uganda hakina mwenyewe, kila mtu aseme apendavyo." HEWANI!

Hakina mwenyewe? Katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Sasa hakina mwenyewe vipi?

Tena aseme hayo Uganda, nchi iliyoona kila aina ya kuondolewa madarakani! 25 Januari 1971, Rais Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lake linatwaa Kampala: hapo kapinduliwa. 27 Julai 1985 majenerali akina Okello wakamrudia yeye huyo huyo: kapinduliwa mara ya pili. Lakini Rais Amin, Aprili 1979, aling'olewa kwa vita, jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Rais aliyemfuata, Lule, akakaa siku 68 tu, Juni 1979 baraza la ushauri la UNLF, umoja wa vikundi vilivyompinga Amin, likamwondoa kwa kura. Huyo kauzuliwa. Hakuna risasi, hakuna redio kutekwa.

Mwenyekiti wa wilaya naye anauzuliwa. Kuna sababu zilizoandikwa katika sheria, kuna hoja mezani, kuna kura ya theluthi mbili. Ukisema "wampindua" umewafanya madiwani waasi, na uasi katika nchi hii watu wameufia. Halafu unaambiwa hakina mwenyewe!

Afande_Mstaafu (Gulu):
Kijana, kunywa maji kwanza. Umemsahau Binaisa, rais aliyemfuata Lule: Mei 1980 Tume ya Kijeshi ikamtoa. Hapo raia walisikia tangazo tu, kura hawakuiona. Hapo sema kupindua, sitakubishia.

Boda_wa_Ntinda:
Uzi mrefu kuliko foleni ya Jinja Road, kisa neno moja 😂 Mzee, huyo mwenyekiti katoka au hajatoka?

Karani_Tororo:
Hapo ndipo penyewe, Boda. Inawezekana hajatoka! Theluthi mbili ni ya wajumbe WOTE wa baraza, siyo ya waliofika. Baraza la watu 30 linataka kura 20. Wakija 24, wakapiga 16, watashangilia kwamba theluthi mbili imepatikana, kumbe hoja imeanguka. Makosa mengine: mtuhumiwa kunyimwa nafasi ya kujitetea, mahudhurio kutosainiwa, kumbukumbu za kikao kuandikwa siku ya pili kwa kukisia. Wakili yeyote atazichana mahakamani. Meya wa Kampala wa wakati huo, Lukwago, madiwani walimwondoa 25 Novemba 2013. Kesi hazikuisha, na 2016 wapiga kura wakamrudisha. Kwa hiyo mtangazaji aseme "madiwani wapitisha hoja ya kumwondoa", asubiri.

Mwana_Nile (Jinja):
ASANTE. Lakini "hakina mwenyewe" mmeisikia lakini? Mtu anayelipwa kwa Kiswahili!

Nyabo_wa_Arua:
Mimi yangu ni "amejiuzulu". Rais akibadilisha baraza la mawaziri, jina la waziri lisipoonekana kwenye orodha mpya, redio nzima "waziri amejiuzulu". Kajiuzulu saa ngapi, bambi? Barua iko wapi? Huyo uteuzi wake umetenguliwa. Kujiuzulu mtu anaandika mwenyewe.

Karani_Tororo:
Na Bunge likimpigia waziri kura ya kutokuwa na imani naye, hiyo ni njia ya tatu. Ibara ya 118 ya Katiba: ombi lisainiwe na theluthi moja ya wabunge wote, lipelekwe kwa Rais, zipite siku 30 ndipo mjadala, halafu zaidi ya nusu ya wabunge wote waunge mkono. Hata hapo Bunge halimfukuzi. Asipojiuzulu, Rais ndiye anayechukua hatua. Muhwezi 1998 na Kutesa 1999 walipigiwa kura hiyo, na wote wawili walirudi kuwa mawaziri baadaye.

Pwani_Kampala:
Majirani nao! Nyerere aliposema anang'atuka, 1985, alikuwa anaondoka kwa hiari yake. Sasa vyombo vya Nairobi vinaandika "Gachagua ang'atuliwa". Huyo Naibu Rais wa Kenya Seneti ilimtoa 17 Oktoba 2024 naye akipinga mpaka mahakamani. Hiari iko wapi? Afadhali wanaoandika "abanduliwa".

Boda_wa_Ntinda:
Mbunge wangu nambandua vipi? Barabara imekuwa bwawa la samaki.

Karani_Tororo:
Subiri uchaguzi. Haki ya wapiga kura kumrudisha mbunge nyumbani imo ibara ya 84, na ilidai saini za theluthi mbili ya walioandikishwa jimboni. Ila inafanya kazi chini ya mfumo wa Movement tu, yaani siasa bila ushindani wa vyama, na vyama vingi vilirudi baada ya kura ya maoni ya 2005.

Nyabo_wa_Arua:
Mbunge nafuu. Mwenyekiti wa SACCO, chama chetu cha akiba na mikopo, je? Mkutano mkuu umemtoa, kamati mpya ipo, na benki bado inaitambua saini yake!

Karani_Tororo:
Benki haisikilizi redio, nyabo. Pelekeni nakala ya kumbukumbu za mkutano mkuu zilizosainiwa, azimio linalotaja nani anatoka na nani anaingia kwenye saini, na vitambulisho vya wapya. Barua ya kuzuia akaunti itangulie siku hiyo hiyo, la sivyo mtakuta imebaki namba ya akaunti tu.

Mwana_Nile (Jinja):
Jamani, na yule bwana wa saa mbili je?

Boda_wa_Ntinda:
Karani, na huyo mwenyekiti wa SACCO akikataa kutoa kitabu cha hundi?

Karani_Tororo:
Andikieni benki isimamishe hundi zote zilizobaki, mtaje namba ya kwanza na ya mwisho. Muhuri mchonge mpya, wa zamani mwandike benki kwamba hautambuliki tena.

Nyabo_wa_Arua:
Muhuri! Ndio huo anaotembea nao mfukoni.