Samaki wa chini ya Ziwa Victoria wachorewe ramani ndio tufunge uvuvi sehemu za ghuba ya Winam? Mimi bado sijakubali

Haya watu wa Kisumu, tujadili hii bila matusi. Juzi jamaa mmoja alisema hapa tufanye vile wanafanya baharini, samaki wanaokaa chini kabisa wapimwe, ramani ichorwe, halafu sehemu za Winam zifungwe mwaka mzima, ati kwa sababu Desemba 2022 huko Montreal nchi zilikubaliana asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari ilindwe ifikapo 2030. Maji ya bara ndio sisi, hapo sina ubishi.

Shida yangu ni nani ataishika hiyo ramani. Hii ziwa ilishapimwa chini, 1969 hadi 1971, nyavu zikaburutwa karibu kila upande na ikaonekana fulu, wale samaki wadogo wadogo, peke yao wanapita asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini. Wakalindwa? Wapi! Watu waliona fulu ni wengi wanakaa bure tu, wacha trola ziingie, na 1976 Mwanza kukawa na kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Miaka ya themanini mbuta, yaani sangara, akamalizia kazi kwa kuwala.

Halafu angalieni vile wanapima. Trola inaburutwa kitu nusu saa hivi mahali pa tope laini, samaki wanamwagwa kwa deki, wanatengwa aina kwa aina, urefu, uzito, basi, na pale katikati ya kituo na kituo kompyuta ndio inajaza kwa kuangalia kina, joto la maji na kama chini ni mchanga ama tope. Kwa mawe wavu hauingii, utararuka. Kwa mafunjo pia hauingii, na huko ndiko kamongo, yule samaki mwenye mapafu, anajenga kiota, na fulu waliomponyoka mbuta wengi wamejibanza huko ama kwa mawe, maana kwa mafunjo hewa ya maji ni kidogo na mbuta haiwezi. Kwa ramani hapo patakuwa peupe. Peupe kwa ramani ya Kenya nyinyi mnajua ni nini, ni ploti.

Mpwani aliyehamia Milimani: Ndugu, trola ni ya zamani. Baharini siku hizi wanashusha kamera zimefungiwa chambo, zinakaa hapo chini kwa mwamba bila kuvunja kitu zinarekodi nani anakuja kula, chewa, changu, taa, wote unawaona. Na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimefungwa tangu 1968, wavuvi hawajakufa. Mnangoja nini?

Mtu wa Dunga: Kaka, njoo ushushe hiyo kamera hapa Dunga uone. Mvua ikinyesha Nyando inaleta udongo wa Kano wote, hata mkono wako huoni. Na usisahau kule nje kwenye kina kuna miezi maji ya chini yanaisha hewa kabisa, samaki wanapanda juu, kwa hivyo ramani ya Februari ukiitumia Julai umejidanganya.

Mama Mgongo Wazi: Nyinyi mnaongea kamera, mimi naongea unga. Omena, yaani dagaa, tunafungiwa Aprili hadi Julai na mkopo wa chama haufungwi. Mkichora hizo laini zenu mnieleze kwanza miezi hiyo ya kufunga nitauza nini, na mjue Kenya tuna kama asilimia 6 tu ya hii ziwa, tukifunga huku wengine wako wazi ni nani atafaidika?

Mwenye mada: Mama, hilo swali lako sina jibu lake, na sioni mtu hapa mwenye nalo. Mpwani, mimi sijasema tusipime, tupime, lakini wazee wa ndoano wawe ndani ya boti wakati wa kupima, na mafunjo yahesabiwe hata kama ni kwa mitego ya mkono. Nyinyi mlio BMU, zile kamati za ufuo, mkikaa kikao ulizeni jambo moja: data itakaa kwa nani na nani ataruhusiwa kuiona? Kwa sababu nikiwaonyesha mahali samaki ningu wanajikusanya kungoja mvua ndio wapande mto Sondu, na hiyo alama iwekwe kwa simu ya kila mtu, wiki hiyo hiyo nyavu zitakuwa hapo mdomoni mwa mto kabla hata gazeti la serikali halijachapishwa.