Wakuu naombeni ushauri, pumba zangu za achari ya Kijapani zinanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha

Habari zenu wakuu. Niko Nagoya mwaka wa pili, bibi jirani alinimegea pumba zake za nukazuke, ile achari ya kufukia mboga kwenye pumba za mchele zilizokandwa na chumvi na maji, ana miaka mingi anazitunza, akanisisitizia kitu kimoja tu, geuza kila siku kwa mkono. Matango ya mwanzo yalitoka matamu mno. Sasa nimesafiri siku 4, na hili joto la mwezi wa 8, narudi nafunua nakuta utando mweupe, pumba zimekuwa kama uji na harufu ndo hiyo. Roho inaniuma, nitupe au zinaokoka?

mpishi_ugenini
Usitupe dada! Huo utando ni hamira ya porini, inapenda hewa ndo maana inakaa juu usipogeuza, na hiyo harufu ya dawa ya kucha inaileta yenyewe. Kwangua utando, ongeza pumba mpya, kila gramu 100 weka chumvi gramu 10 mpaka 13, na kijiko cha unga wa haradali, kanda chini kuja juu, weka friji siku kadhaa bila mboga. Ungeona ukungu mweusi au wa bluu hapo ningekwambia kingine.

kaka_mkubwa
Joto likiwa hivi geuza asubuhi na jioni. Ukisafiri weka friji kabisa.

binti_kinondoni
Jamani na mimi nataka kuanza huku Dar, pumba za kuku zinafaa?

mpishi_ugenini
Hapana mdogo wangu, zile zimekaa, mafuta ya pumba yanachacha haraka sana. Nenda mashineni chukua laini za siku hiyohiyo, zikaange kavu, na wiki ya kwanza mpaka ya pili fukia majani ya kabichi ya kutupa tu, mpaka usikie uchachu mzuri.

Mleta uzi
Mrejesho wakuu, leo siku ya 6 harufu imekata. Nikajikaza nikamwambia bibi ukweli, akaja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa, hakusema neno, akarudi kwake akaleta konzi mbili za pumba zake akanichanganyia. Tango nimefukia usiku huu.